Kupatana bei ya lori jipya Nairobi: tathmini ya huduma ya wauzaji, kutoka profoma hadi ufunguo

Lori dogo la kazi, lile la tani tatu hadi tano ambalo wafanyabiashara Kenya hulitaja kwa jina fupi tu, NPR, NQR au Canter, huuzwa likiwa jipya kwenye shorumu za Barabara ya Mombasa, Industrial Area na matawi ya miji mingine. Tathmini hii haihusu injini ipi ina nguvu zaidi. Inahusu huduma ya kuuziwa: bei inatajwaje, inashuka wapi, inagoma wapi, na pesa za mnunuzi humwagikia wapi bila yeye kujua.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Kwa upole na wepesi wa kujibu simu, wauzaji wa malori mapya Nairobi wanastahili sifa. Kwa uwazi wa bei, bado sana. Na mnunuzi mwenyewe husaidia kuficha mambo, kwa sababu nguvu zake zote huziweka kwenye bei ya chasi, yaani lori bila sehemu ya mzigo, mahali ambapo punguzo ni dogo, halafu anasaini bodi (hiyo sehemu ya mzigo), riba na masharti mengine kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Pesa kubwa ziko huko pembeni.

Anza na profoma, ile ankara ya awali inayotaja bei kabla ya kununua. Usiombe moja, omba nne, na angalau mbili ziwe za lori lile lile kabisa. Aina moja ya lori huuzwa na mawakala zaidi ya mmoja: yupo wa Nairobi, wa Thika, wa Eldoret, wa Mombasa. Bei ya kiwanda inayopendekezwa ni moja, lakini kila wakala ana faida yake anayoweza kuikata na ana lengo lake la mauzo. Wakala aliyebakiza lori moja kutimiza lengo la robo mwaka mwishoni mwa Machi au Juni hujibu tofauti na yule aliyeanza robo mpya jana tu. Kumweleza muuzaji wa Nairobi kuwa una profoma ya Eldoret, na ukamwonyesha karatasi yenyewe, kunashusha bei kuliko saa mbili za kubembelezana.

Ujumbe wa kuomba profoma uwe mfupi na ubane kila upande. Mfano unaofanya kazi:

"Habari dada. Naomba profoma ya lori moja, chasi na kabini. Andika mwaka wa kutengenezwa, na namba ya chasi kama liko yadini. Tenganisha bei: chasi, VAT, bodi, usajili, kidhibiti mwendo, na bima kama mnaiweka. Andika bei inadumu siku ngapi na lori linatoka lini. Asante."

Muuzaji anayejua kazi yake hujibu hayo yote, mara nyingi siku hiyo hiyo. Anayejibu "njoo tu ofisini tutaelewana, bosi" hajakataa, ila amekuambia kuwa bei yake inategemea sura ya anayeingia mlangoni. Mwombe tena kwa maandishi. Akikataa mara ya pili, muache.

Mistari iliyotenganishwa ina kazi mbili. Jumla ya mwisho, lori likiwa barabarani na namba zake, ndiyo unayolinganisha kati ya muuzaji na muuzaji. Mstari mmoja mmoja ndio unaopatana juu yake. Profoma yenye jumla peke yake inakunyima nafasi ya kupatana, na yenye bei ya chasi peke yake inakudanganya kuhusu jumla.

Mtego wa kwanza ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Wengine hunukuu bei pamoja nayo, wengine bila. Kwa asilimia 16, lori la shilingi 5,800,000 pamoja na VAT ni lori la shilingi 5,000,000 na kodi ya 800,000. Anayetaja 5,300,000 "kabla ya kodi" ataonekana wa chee, kumbe ukijumlisha anafika 6,148,000. Uliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Hapo hapo kwenye VAT kuna akiba ambayo hakuna muuzaji atakayekupa kama punguzo. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT na inayotoa huduma au bidhaa zinazotozwa kodi hiyo inaweza kudai VAT ya lori. Sheria inazuia kudai kwa magari ya abiria na minibasi. Lori la mizigo halimo kwenye katazo hilo. Lakini ankara lazima iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, na iwe na PIN ya KRA ya biashara yenyewe. Kosa linalojirudia ni hili: kampuni ndiyo yenye usajili wa VAT, lakini mwenye kampuni ananunua lori kwa jina lake na PIN yake binafsi kwa sababu benki ilimjua yeye kwanza. 800,000 zimekwenda. Na dai lina muda, miezi sita baada ya kipindi cha kodi ambamo mauzo yalifanyika. Mweleze muuzaji jina na PIN zitakazokuwa kwenye ankara siku ya profoma, usingoje siku ya kuchukua ufunguo.

Sasa bei ya chasi yenyewe. Kwa mnunuzi wa lori moja, punguzo la pesa lipo ila halina miujiza, hasa kwa chapa inayoongoza soko. Muuzaji wa chapa inayojitafutia nafasi Kenya hukata zaidi, naye ana haki ya kusikilizwa, lakini piga hesabu ya bei ya kuuza tena baada ya miaka mitano kabla ya kushangilia. Yapo mambo matatu yanayoisogeza kweli bei ya chasi.

La kwanza ni mwaka wa kutengenezwa. Malori mengi haya huunganishwa hapa hapa, Nairobi, Thika au Mombasa, kutokana na vipande vinavyoingizwa kwa makundi. Kundi likichelewa kuuzwa, unakuta chasi iliyounganishwa mwaka jana inauzwa mwaka huu kwa bei ya mwaka huu. Gari ni jipya, halijatembea, lakini logibuku, kitabu cha usajili wa gari, itaandika mwaka wa kutengenezwa, na siku utakayoliuza mnunuzi atausoma huo. Kwa hiyo namba ya chasi iombwe mapema na mwaka uthibitishwe. Chasi ya mwaka jana si mbaya hata kidogo. Ni hoja nzuri kuliko zote za kushusha bei, kwa kuwa muuzaji naye anajua kila mwezi unaopita unaizeesha kwenye karatasi.

La pili ni dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na bei za magari mapya zikapandishwa kwa sababu hiyo. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo shilingi ilikuwa imerudi kwenye karibu 129. Muuzaji aliyepandisha kwa hoja ya dola aulizwe kwa adabu hoja hiyo hiyo ilirudi lini upande wa mnunuzi. Swali hili lisiulizwe kwa ubishi. Uliza vipande vya lori hili viliingizwa lini, na bei ya sasa imepangwa kwa kiwango gani cha dola. Meneja wa mauzo huwa analo jibu. Kijana wa mauzo mara nyingi hana.

Ndiyo maana jambo la tatu ni kujua nani ana kalamu. Kijana wa mauzo ana kikomo chake. Akikifikia atasema "hiyo ndiyo bei ya mwisho" naye hadanganyi, ni ya mwisho kwake. Mwambie: "Nakuelewa ndugu yangu. Andika ombi langu, nina profoma ya pili hii hapa, nipelekee kwa meneja. Nikipata bei hii nalipia wiki hii." Taja kiasi kamili, taja siku. Ombi lisilo na namba wala tarehe halipelekwi popote. Wanachama wa chama au sacco wanaotaka malori manne au matano waingie pamoja kwa barua moja, hata kama kila mtu atalipia lake, kwa sababu masharti ya wanunuzi wa makundi hutolewa na ofisi nyingine kabisa, na ndiko punguzo halisi lilipo.

Kuna imani kwamba anayenunua kwa mkopo hapati punguzo kwa kuwa "hana keshi". Haina msingi. Benki ikishaidhinisha mkopo, humlipa muuzaji fedha yote. Kwake yeye ni keshi. Pata idhini ya benki kabla ya kupatana, halafu patana kama mtu mwenye pesa mkononi.

Lakini mkopo ndiko wanunuzi wanakoumizwa zaidi. Shorumu nyingi zina benki au kampuni ya mikopo zinayoshirikiana nayo, na ofa huja na asilimia moja inayovutia. Uliza ni riba ya namna gani: inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, au inayokokotolewa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Chukua lori lile la 5,800,000. Unalipa kwanza asilimia 20, yaani 1,160,000, na kukopa 4,640,000 kwa miezi 48. Kwa riba ya asilimia 16 kwenye deni linalopungua, unalipa karibu 131,500 kwa mwezi, na riba yote ni takriban 1,672,000. Kwa riba ya "asilimia 10 tu" juu ya mkopo wote, unalipa 135,333 kwa mwezi, na riba yote ni 1,856,000. Ile 10 ni ghali kuliko 16. Ukiigeuza kuwa riba ya deni linalopungua, inakaribia asilimia 17.6. Muuzaji anayesema "kwetu ni kumi" mwombe jumla ya shilingi utakazolipa hadi mwisho. Namba hiyo haina pa kujificha.

Na tazama uzito wa kupatana na benki: kushusha ile 16 hadi 15 kunaokoa karibu 113,000 katika miezi 48. Watu hukaa shorumu mchana kutwa kupigania kiasi hicho hicho kwenye chasi, halafu hawaulizi benki hata swali moja. Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo, adhabu ya kumaliza deni mapema, gharama ya kifaa cha kufuatilia gari, na kama unalazimika kuchukua bima kamili kupitia kampuni waliyoitaja wao. Bima itahitajika, hilo halina mjadala, lakini kampuni ya bima inaweza kuwa ya chaguo lako mradi benki iikubali. Logibuku itakuwa kwa majina mawili, lako na la benki, mpaka deni liishe. Kwa hiyo uliza barua ya kuachilia hutolewa baada ya siku ngapi na kwa ada gani.

Bodi ndiyo sehemu ambayo huduma ya wauzaji ni dhaifu kuliko zote. Lori la aina hii huuzwa likiwa chasi na kabini. Muuzaji hukwambia "tutakuwekea bodi", anaipeleka kwa mjenzi wa nje, anaongeza chake juu, na wewe unapata mstari mmoja kwenye profoma: bodi, kiasi kadhaa. Hakuna vipimo wala uzito. Chukua profoma ya bodi moja kwa moja kwa wajenzi wawili, kisha rudi kwa muuzaji na namba hizo. Akizikaribia, ni afadhali afanye yeye, kwa kuwa atawajibika kwa yote mawili na hutazungushwa kati ya chasi na bodi kitu kikivunjika.

Kabla ya hapo, piga hesabu ya uzito. Tuseme kibao cha kiwanda kinaruhusu jumla ya kilo 8,500, lori na mzigo wake, na chasi na kabini pekee zina kilo 2,900. Zimebaki 5,600. Bodi nzito ya chuma ya kilo 1,300 inakuachia 4,300; bodi ya alumini ya kilo 800 inakuachia 4,800. Toa dereva, turnboi na tangi la dizeli. Tofauti ya bodi hizo mbili ni kilo 500, mifuko kumi ya saruji kila safari, na ni mifuko hiyo kumi itakayokukamatisha kwenye mizani ya Mlolongo, Gilgil au Mariakani. Wengi huagiza bodi nzito "ili idumu", kisha wanashangaa kwa nini lori la tani tano halibebi tano mizani ikiwa halali. Andika uzito wa juu wa bodi kwenye mkataba, na lori lipimwe tupu kabla ya kulipokea. Uzito mtupu na uwezo wa kubeba huandikwa kwenye logibuku, pamoja na aina ya bodi. Ukibadili bodi baadaye unarudi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kubadili kumbukumbu.

Namna ya kufunga bodi ndiyo inayoamua kama waranti itabaki. Inama chini ya lori uangalie mwenyewe. Kati ya fremu ya bodi na boriti za chasi kuwe na ukanda wa mbao ngumu au mpira, usiwe chuma juu ya chuma. Fremu ishikwe kwa yu-bolti na mabano yaliyofungwa kwa bolti. Tundu likilazimika kutobolewa, liwe kwenye ubavu wa boriti, kamwe si kwenye mdomo wake wa juu au wa chini, kwa kuwa hapo ndipo boriti inapokunjwa na kuvutwa zaidi, na ufa huanzia pale. Kulehemu juu ya boriti ni kosa kubwa zaidi: joto huondoa ugumu wa chuma, na ufa hutokea miezi mingi baadaye, mjenzi akiwa hapokei simu. Hata kulehemu kwenye bodi yenyewe kufanyike nyaya za betri zikiwa zimetolewa, la sivyo kompyuta ya injini inaweza kuungua. Ukiona alama ya kulehemu kwenye chasi, usilipokee lori. Mwite meneja, piga picha, andika.

Amana sasa. Lipia kwenye akaunti ya benki ya kampuni, upewe risiti ya kampuni. Usitume kwa namba ya simu ya muuzaji, hata awe mwaminifu vipi. Karatasi ya amana iwe na namba ya chasi, bei ya mwisho, siku ya kutoa gari na sharti la kurudishiwa pesa siku hiyo ikipita. Bila namba ya chasi hujanunua lori, umelipia foleni. Sharti la kurudishiwa ndilo wauzaji hupinga sana, na hapo inafaa usilegeze: mkopo huanza kuhesabu benki ikishalipa, si siku lori linapoanza kazi. Lori likichelewa wiki sita kwa mjenzi wa bodi, unalipa mwezi mmoja na nusu wa deni bila hata safari moja. Patana benki ilipe chasi ikishakaguliwa, na bodi ilipwe kwa awamu.

Siku ya kupokea, nenda asubuhi na fundi, kukiwa na mwanga. Namba ya chasi na ya injini zilingane na ankara. Soma matairi yote sita na la akiba: mwisho wa mstari unaoanza na DOT kuna namba nne, kwa mfano 3524, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2024. Lori lililokaa yadini muda mrefu huwa na matairi ya zamani na betri iliyochoka, na hiyo ni sababu ya kudai mapya. Washa injini ikiwa baridi. Tazama chini ya injini, gia na difu kama kuna unyevu. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, funguo mbili, kitabu cha sevisi na cheti cha kidhibiti mwendo viwepo hapo, visije "vitafuata kesho". Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo.

Kwenye sevisi, neno "bure" lipimwe. Sevisi za mwanzo zinazotangazwa kuwa bure mara nyingi ni kazi ya fundi tu. Oili na filta unalipia. Hapa muuzaji hulegea haraka kuliko kwenye bei ya chasi, kwa hiyo akigoma kabisa kushusha bei, omba sevisi mbili au tatu ziwe pamoja na oili na filta, kwa maandishi. Omba pia bei za leo za filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, klachi na bitana za breki za nyuma, kisha uzilinganishe na za maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Wakati wa waranti utabanwa utumie spea halisi, na baada ya hapo utataka kujua tofauti ni kiasi gani.

Swali la mwisho kabla ya kusaini ni lori likizimika Salgaa, mbele ya Nakuru, saa nane za usiku na nyanya za watu mgongoni, nani anapokea simu, tawi la karibu ni lipi, na nani analipia kulivuta. Wapo wauzaji wanaokuandikia namba, jina la msimamizi wa gereji ya Nakuru na muda wa kufika. Hao, hata wakiwa ghali kwa elfu thelathini, wapewe biashara.